Achari ya Bi Tatu

Wakati mimi mtoto, mtaani kwetu Malindi watu waliogopa halbadiri kuliko polisi. Ukiibiwa na mwizi humjui, unamwita mwalimu akae na wenzake wakisome kile kisomo, na mwizi, popote alipo, anavimba tumbo mpaka anakufa. Ndivyo tulivyoambiwa, na sikumjua mtu aliyethubutu kujaribu kama ni kweli.

Haya nimeyakumbuka juzi, hapa Michenzani. Mjukuu wangu Nasra alikuwa anajisomea kwa ajili ya mtihani, akanifundisha neno la Kiingereza: pekadilo.

"Nini hiyo?"

"Makosa madogo madogo, Bibi. Yale mtu anayosamehewa."

Nikalitamka tena na tena, tamu mdomoni. Mimi skuli niliiacha mapema, lakini makosa ya watu nayajua vizuri, na sikudhani Waingereza nao wameyapanga kwa ukubwa. Halafu nikamkumbuka bibi yangu.

Jirani yetu Bi Tatu alikuwa akitengeneza achari ya embe, ukipita chini ya nyumba yake mate yanakutoka. Chupa akiianika darini, juu ya nyumba, juani. Siku moja akaikuta imepungua, kesho yake imepungua tena. Akasimama dirishani, mtaa mzima ukamsikia: "Alhamisi namwita mwalimu. Aliyekula achari yangu ataitapika pamoja na matumbo yake."

Mwizi nilimjua. Dari yetu na yake zilitengwa na ukuta mfupi tu, na macho yangu hayakuwa na kazi nyingine. Alikuwa Shemsa, mke wa ami yangu, bi harusi wa juzijuzi, mpole hata kuku hawezi kumfukuza. Nilimwona amechutama, anakula achari tupu kwa vidole, macho kayafumba. Na asubuhi nilikuwa nikimsikia anatapika chooni, kimyakimya.

Nikamwendea Bibi mbio, maana kukaa na habari kama ile kwangu ni mateso. Alikuwa anapeta mchele.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi iishie hapa. Mimba changa haitangazwi."

"Bibi, kwani halbadiri haijui kama mtu ana mimba?"

Akauweka ungo chini. "Haijui, mwanangu. Aliyeiba embe na aliyeiba dhahabu, kwake sawa. Ndiyo maana nnakwenda mimi."

Alivyoamini yeye, mwenye mali akishatamka kwamba ni halali, kisomo hakimpati mtu tena. Akavaa buibui lake, nami nikamfuata nyuma. Tulimkuta Bi Tatu ukumbini, bado kanuna.

"Mwalimu mwambie asije," Bibi akasema. "Achari nimekula mimi."

Bi Tatu akamtazama. Bibi alikuwa amebakiwa na meno mawili, na mtaa mzima ulijua kwamba hata chungwa hali, linamtia ganzi.

"Wewe?"

"Mimi. Shetani kanipitia."

"Embe zangu zile ngumu, umezitafuna na nini?"

"Nimezimumunya."

Hata tabasamu Bibi hakutoa. Bi Tatu akageuka akatazama dirisha letu, lile la chumba cha bi harusi. Naye alikuwa kazaa, tena si mara moja. Nikauona uso wake unalegea.

"Haya," akasema. "Halali yako. Na huyo aliyekutafunia halali yake, yeye na aliye naye tumboni."

"Amin," Bibi akaitika, na machozi yakamlengalenga.

Tangu siku ile chupa ndogo ya achari ikawa inaletwa kwetu, "ya Bibi", mpaka Shemsa akajifungua salama. Mpaka anaingia kaburini Shemsa hakujua alikombolewa na nani. Mwanawe leo ni mtu mzima mwenye kitambi, na embe mbichi haigusi.

Kama halbadiri ingemdhuru, Mungu ndiye ajuaye. Mimi nnachokijua ni kwamba Alhamisi ilikuwa inakuja, na wanawake wawili wasiojua neno moja la Kiingereza waliirudisha ilikotoka, bila ya mtu kuaibika. Mimi, nikipendavyo kisa, sijawahi kusikia kilichokishinda hicho.

Nilipommalizia Nasra kisa hiki, akauliza kama uongo wa Bibi nao ni pekadilo. Nikamwambia asome. Chupa yangu ya achari iko pale kwenye roshani, na tangu aanze kujiandaa na mtihani huu, inapungua. Sijamuuliza. Halali yake.