Swali Baada ya Kofi

Miaka ile ya hamsini tulikaa landhi za reli, nyumba za wafanyakazi, Nakuru, chumba kimoja, baba akichochea moto kwenye gari moshi. Kwetu kofi lilitangulia, swali likafuata. Baba akirudi safari, hata kuku walijua. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne mwenye mikono myepesi: bombani nilipigania foleni, shuleni nilipigania dawati, na siku ambayo hakuna aliyenichokoza nilimtafuta wa kunichokoza. Sikuweza kutulia. Hata chakula nilikula nimesimama.

Mahali pekee nilipokaa kitako ni nyumbani kwa rafiki yangu, mstari wa pili. Mama yake aliongea na watoto kama anaongea na wageni. Nilipapenda mno, na kila siku niliogopa kwamba watanijua nilivyo, wanifukuze.

Jioni moja, vumbi la ziwani likigonga mabati, rafiki yangu alinipa kioo cha taa nikipanguse. Kikaniponyoka. Kabla vipande havijatulia sakafuni nilishajibanza ukutani, ngumi juu. Yeye akacheka tu. Nikamtandika mdomoni, akatoka damu.

Mama yake alikuja mbio. Akamtuma bintiye akasukutue kinywa, kisha akanyoosha mkono upande wangu. Nikaung'ata kwa nguvu zangu zote. Kumbe alikuwa anataka ufagio uliokuwa nyuma yangu.

"Mwanangu," alisema, machozi yakimlenga, "kwani hapa nani anapiga watu?"

Nililia kwa hasira. Angenipiga, ningejua la kufanya.

Landhi hazina siri. Punde si punde mama yangu alikuwa mlangoni na fimbo. "Huyu wangu amefanya nini tena?"

"Hajafanya kitu. Ni kioo tu kimevunjika," yule mama alijibu. Mkono alikuwa ameshaufunga leso. "Hii nimeungua na sufuria."

Maneno hayo hayo ndiyo mama yangu aliyokuwa akiwaambia majirani kila baba alipomaliza naye. Aliitazama ile leso, akautazama mdomo wa rafiki yangu uliovimba, mwisho akanitazama mimi, kwa macho yale yale aliyomtazamia baba.

"Basi alale hapa leo," alimwambia yule mama. "Baba yake anarudi na gari la saa mbili."