Leso Kwenye Mdomo wa Kabureta

Ninyi mnanijua kama mzee mwenye heshima zake, anayekaa kiti cha mbele kanisani na kuombwa kufungua vikao vya harusi, kwa hiyo nikiwaambia kwamba niliwahi kujificha nyuma ya gari linalonifika kiunoni mbele ya ukoo mzima wa mchumba wangu, naomba mcheke mara moja mmalize, maana mke wangu alianza kucheka miaka ya sabini na mpaka leo hajamaliza.

Wakati huo nilikuwa karani Mbeya, kijana wa suruali za bugaluu na nywele za kuchana kila baada ya muda mfupi, na nilikuwa na gari la spoti, jekundu, viti viwili, paa la turubai, nililolipata kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa linanguruma hata likiwa limesimama. Nililipenda gari lile kuliko nilivyopaswa, na mtu pekee aliyelizidi moyoni mwangu alikuwa Yusta, binti wa Kihehe aliyekuwa anasomea ualimu pale Mbeya, ambaye alinidarizia leso nyeupe yenye ua jekundu pembeni, na mimi nikawa natembea nayo kwenye mfuko wa shati pembe moja ikichungulia nje.

Ikafika siku ya kupeleka posa kwao, Kilolo, milimani mbele ya Iringa. Mshenga alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, mtu wa maneno machache. Sasa mjue kwamba mwoaji haendi kwenye posa yake mwenyewe, na kwa wazee wa kule mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemeshani, wakikutana njiani mmoja anaacha njia anaingia kwenye majani. Baba mdogo alisema atapanda basi. Mimi nikajifanya nasikitika, mshenga wangu apande basi na gari lipo? (Ukweli ni kwamba nilitaka gari lionekane Kilolo.) Na kwa kuwa yeye hakujua kuendesha, tukapatana kwamba nitakwenda kama dereva tu, Yusta amebaki chuoni, kwao hakuna anayenijua sura, nani atagundua?

Tukaondoka Ijumaa, na jembe, ambalo kwa desturi ya kule hupelekwa pamoja na posa, halikuingia kwenye buti, ikabidi baba mdogo alishike katikati ya magoti safari nzima. Lami ilikuwa bado vipande vipande, na gari lenyewe liko chini, kwa hiyo kila lori lililotupita lilituachia vumbi lake lote. Kufika Mafinga gari linahema, kufika Iringa linakohoa. Nikajua ni machujio ya hewa yameziba. Na mapya nilikuwa nayo kwenye buti, yameletwa na rafiki kutoka Dar kwa taabu (spea za gari kama lile zilikuwa za kutafuta kwa tochi), yanamsubiri fundi wangu wa Mbeya.

Asubuhi ya Jumamosi, uani kwa binamu yangu tulikolala, baba mdogo akasema tutafute fundi. Mimi nikamwambia chujio la gari halina tofauti na la chai, unatoa la zamani unaweka jipya, fundi wa nini.

Injini ile ilikuwa na kabureta mbili, kila moja na mdomo wake wa kuvutia hewa, na kila mdomo na chujio lake ndani ya kopo la bati. Fundi wangu alikuwa hachoki kunionya kwamba mchanga ukiingia kwenye ile midomo, injini kwisha habari yake. Basi nikafungua makopo, nikaziba mdomo wa kwanza kwa tambara ili niweze kupangusa vumbi, tambara la pili sikuwa nalo, nikachomoa leso ya Yusta nikaziba mdomo wa pili. Nikapangusa, nikapuliza, nikatoa tambara, nikafunga chujio la kwanza vizuri kabisa, na baba mdogo, ambaye hajawahi kumsifu mtu, akasema, "Kumbe una mikono." Hiyo sifa ndiyo iliyoniponza. Nilijaa upepo, nikafunga na chujio la pili huku nikimweleza habari za injini, leso ikabaki humo humo.

Gari likawaka, lakini kwa kusitasita, na nyuma likatoa moshi mweusi tii. Nikasema chujio jipya lazima lizoee kwanza. Baba mdogo akaniangalia, akakaza mikono kwenye jembe lake.

Kupanda Kilolo tulipitwa na punda. Na kwenye kilima cha mwisho, pale unapoziona nyumba zenyewe, gari likakataa kabisa, tairi zinateleza kwenye tope la mvua ya huko milimani, injini haina nguvu ya kumtoa hata kuku. Wakatokea akina mama wanatoka shambani na majembe begani. Wakatusalimu, "Kamwene," nasi tukaitikia, nikawaomba msaada. Mmoja wao, mama mnene mwenye kitambaa cha bluu kichwani, akaweka jembe chini na kushika nyuma kabisa, usawa wa ekzosi. Baba mdogo hakuweza kutoka kwa sababu ya lile jembe, na mimi nilikuwa kwenye usukani, miwani ya jua usoni. Gari likasogea kidogo likasimama, na mimi, Mungu anisamehe, nikageuza shingo nikamwambia yule mama:

"Sukumeni, mama, kwani leo hamkula?"

Wakasukuma. Gari likapiga mlipuko, likatema wingu la masizi, likapanda kilima kwa pupa na kuzimika katikati ya uwanja wa wakwe. Wazee walikuwa wameshakaa. Baba mdogo akashuka na jembe lake, akanitambulisha kwao kama dereva tu, nami nikaitikia kwa unyenyekevu. Kisha akina mama wakafika, na yule wa kitambaa cha bluu, mweusi kwa masizi kuanzia paji la uso mpaka kifuani, akapita moja kwa moja akaingia nyumba kubwa. Nikamuuliza kijana aliyekuwa karibu, yule ni nani? "Si mama Yusta huyo."

Nikajipa moyo, si mimi dereva? Mzee mwenye nyumba akasema niondoe gari, ng'ombe wanarudi. Nikafungua boneti, ukoo mzima ukanizunguka, hata mama akarudi kutazama, maana dereva si mkwe. Nikafungua chujio la kwanza, salama. Nikafungua la pili, nikaona pembe ya kitu, nikavuta, ikaja leso, nyeusi, inachuruzika petroli, ua jekundu bado linaonekana.

Mama akaipokea mkononi mwangu, akaikunjua taratibu. "Huu uzi niliununua mimi," akasema. Halafu akainua macho, akanitazama, nami nikamtazama.

Akajifunika kanga uso mzima, akarudi kinyumenyume mpaka akagonga mlango. Mimi nikatafuta pa kukimbilia, uwanja mweupe, nikachutama nyuma ya gari, na mgongo wote ukabaki nje. Nilijua Yusta nimemkosa, na nilitaka kulia.

Wazee wakakaa muda mrefu. Baba mdogo alikuja kunipa majibu pale pale nilipochutama: mbuzi wa faini, na vitenge vya kumfuta mama masizi. "Na mzee anauliza, gari la viti viwili, wajukuu wake watakaa wapi?"

Nikaliuza kabla ya harusi. Boneti sijafungua tena tangu siku ile, hata maji ya rejeta namwachia fundi. Mama mkwe tuliheshimiana sana, alinitumia mahindi na maboga kila msimu, salamu zikipita kwa watoto, mpaka Mungu alipomchukua. Nilimlilia kama mama yangu. Na katika miaka yote ile, neno pekee nililowahi kumwambia uso kwa uso ni kwamba asukume, kwani leo hakula?