Maneno ya Baba, Sura ya Tajiri

Mama yangu alikuwa kwenye eda ya baba, nyumbani Ibra, Omani, jirani aliyekuja kumliwaza alipomwonyesha picha kwenye simu. Sura ilikuwa ya yule mwekezaji mkongwe wa Marekani, ambaye siku hizi kila neno la busara hubandikwa yeye. Chini yake pameandikwa kwa Kiarabu: usiuze mtende kwa sababu kuti limeanguka.

Mama alilia kuliko siku ya maziko. Baba alimwambia maneno hayo kwa Kiswahili walipomzika mtoto wao wa kwanza, wakiwa wageni Omani, wametoka Unguja juzi juzi, na mama anataka kurudi kwao. Ndiyo yaliyombakisha.

"Kumbe ya kuazima," alisema. "Nitafutie, mwanangu. Nataka kujua kama yalikuwa yake."

Nikarudi kazini Nizwa nimekasirika. Nilisoma barua na hotuba za yule mzee mpaka nikamchukia bure; sikuyaona. Mitandaoni kila mtu kamnakili mwenzake, na hakuna anayejua yalisemwa wapi. Watu hawana haya.

Kilichonizindua ni mtende ulio nje ya ofisi. Makuti yake makavu yananing'inia tu, yanangoja mtu apande ayakate. Mtende hauangushi kuti. Mnazi ndio unaoangusha, na Ibra nani ana mnazi? Aliyeyasema amekulia kwenye minazi, Kiarabu kimekuja baadaye.

Nikampigia kaka yangu aliyeko Sur, fundi wetu wa mambo ya simu. Nikamuuliza picha ile imetoka wapi.

"Baba ndiye aliyeniomba," akasema. "Alikuwa akiyaandika kwenye grupu letu la simu, yeye na sisi watoto, hapana anayemjibu. Akanambia yatie Kiarabu, mnazi uwe mtende, na sura ya tajiri yeyote, labda hawa watoto watasoma. Wallahi nilidhani mzaha."

Hapo ndipo nikakumbuka: kweli tuliisoma, nami nikaisahau. Tukawatumia marafiki, nao wakawatumia wao, mpaka ikamfikia yule jirani. Roho iliniuma, nikakata simu bila ya kumuaga kaka.

Ijumaa nilikwenda Ibra nikamweleza mama yote. Nilitaraji atafurahi.

"Yalikuwa yake, mama. Ile sura aliitaka ili asikilizwe."

Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Mimi nilimsikiliza bila ya picha," alisema. "Angeniambia mimi."