Aliyefundisha Akiwa Amechuchumaa

Katika shule yetu ya walimu mjini Elisabethville, kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu alikabidhiwa mgeni mmoja wa mwaka wa kwanza. Alimwonyesha mahali pa kufulia, jinsi ya kutandika kitanda kusiwe na mkunjo, na mupe yupi anapenda utani na yupi hapendi. Mupe ndivyo tulivyowaita mapadri waliotufundisha. Wageni tuliwaita bleu, kama askari wapya walivyoitwa kambini, na waliitikia hata kabla hawajajua maana yake.

Niliipenda kazi hiyo. Mimi ni mtu wa kueleza. Ukiniuliza bomba la maji liko wapi, nitakuelekeza, kisha nitakueleza na maji yenyewe yanatoka mto gani.

Mgeni wangu alitoka kaskazini ya Katanga, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Alikuwa mrefu, mpole, na daftari zake zilikuwa safi kuliko zangu. Kwa kusoma hakuwa na shida yoyote. Shida ilianza siku ya somo la majaribio.

Desturi ilikuwa hii: bleu anasimama mbele ya watoto wa shule ya mazoezi iliyokuwa ng'ambo ya uwanja wetu, anafundisha, na sisi wenzake tumeketi nyuma tukiandika makosa yake. Mupe mkuu wa masomo anaketi nasi. Kando yetu, kwenye kiti kifupi, anaketi mwalimu mwenye darasa lile, mzee mwenye mvi aliyewahi kuwa katekista, ambaye siku hiyo amemwachia kijana nafasi yake.

Mgeni wangu aliingia, akamwona mzee ameketi chini kuliko yeye, na magoti yake yakakunjika. Sisemi kwa mfano. Alichuchumaa nusu, akaunganisha mikono, akainamisha macho, akaanza kufundisha kujumlisha kwa sauti ya mtu anayesalimia wakwe. Watoto wa mbele walisogeza vichwa wasikie. Wa nyuma wakaanza kuchezea vibao vyao vya kuandikia.

"Bleu!" mmoja wetu akanong'ona kwa nguvu. "Batoto beko huku, haiko chini ya meza!"

Tukacheka. Mupe hakucheka. Baada ya somo alimwita nje, nami nikaitwa kwa kuwa nilikuwa kiongozi wake. Alisema kwa upole kwamba atamsikiliza mara moja tena kabla ya Noeli. Sauti isiposikika, ni afadhali arudi kwao akatafute kazi nyingine, maana mwalimu asiyesikika hawezi kupewa darasa.

Jioni tuliketi juu ya matofali nyuma ya bwalo. Nilimweleza yote niliyojua: apumue kutoka tumboni, atazame ukuta wa nyuma, asimfikirie mzee. Alinisikiliza kwa adabu hadi nikamaliza.

"Yaya," akasema, kama walivyomwita kaka kwao, ambako baba ni tata, "nimesikia. Lakini kule kwetu, mukubwa akiikala, mutoto hasimamake juu yake na kupiga kelele. Tata akisikia nilifanya vile, atauliza ni nani alinilea vile."

"Lakini ile iko kazi, mudogo wangu."

"Najua. Magoti njo haiyajui bado."

Tulijaribu tena siku zilizofuata. Nilijifanya mtoto, nikajifanya mupe. Nilipojifanya mzee, nikaketi juu ya tofali, alichuchumaa hata mbele yangu, kisha tukacheka wote wawili mpaka machozi. Ila nilikuwa nimeanza kuogopa. Baba yake alikuwa amewaambia majirani wote katika kambi ya reli kwamba mwanawe atakuwa mwalimu.

Jumamosi tulikuwa na kazi za mikono. Mvua zilikuwa zimeanza, na udongo wa vichuguu tuliofyatulia matofali uling'ang'ania miguuni. Darasa jipya lilikuwa linajengwa, na lori lilikuwa limeleta kipande cha reli kuukuu cha kushikilia paa. Kilishushwa mbali na ukuta, kwenye tope. Mafundi wawili, watu wazima, walikuwa pale pamoja nasi na bleu wote. Kila mmoja alivuta kwa wakati wake. Kichwa cha reli kikainuka, mkia ukabaki. Mkia ukainuka, kichwa kikaanguka karibu na vidole vya mtu.

"Muache kuvuta!"

Tuligeuka kutafuta ni nani. Mgeni wangu alikuwa ametoka kwenye mstari, amesimama mbele yetu, mgongo umenyooka, macho yakipita juu yetu mmoja mmoja, mafundi wakiwemo.

"Bote, mikono ku chuma! Weye tata, sogea kidogo. Mukamate... mungoje... Haya!"

"Hee!" tukaitika, bila mtu kutufundisha.

"Tubebe!"

"Hoo!"

Reli ikapanda kama kitu chepesi. Tukaenda nayo hatua kwa hatua, sauti yake ikituongoza, hadi ukutani. Fundi mmoja akafuta jasho akauliza, "Huyu mutoto wa nani?"

Nilimfuata penye bomba. "Umemwita yule fundi tata, ukamwambia asogee. Umemtazama machoni."

Alishangaa maneno yangu. "Yaya, ile iko kuita reli, bantu bainue pamoja! Tata yangu njo mwenye kuita ku kazi yake, na wakati wa likizo alikuwa ananiachia niite. Mwenye kuita akiangalia chini, chuma inaangukia bantu ku miguu. Pale hakuna mukubwa. Kuko bantu benye kubeba."

Safari hii sikumweleza kitu. Nilimuuliza tu, "Na batoto mu darasa, bo habana kitu ya kubeba?"

Alifunga bomba taratibu.

Siku ya somo la pili mzee alikuwa kwenye kiti chake kifupi. Mgeni wangu alimwinamia, akamsalimu vizuri, kisha akaenda mbele, akageuka. Akasema, "Bote, mikono ku vibao!" Watoto wakashtuka, wakashika. Akawapa hesabu. "Muandike... mungoje..." Chaki zikanyamaza. "Haya!"

Vibao vyote vikapanda pamoja juu ya vichwa, na jibu juu ya kila kimoja. Watoto wenyewe walifurahi, wakataka tena. Alisikika mpaka uwanjani.

"Atabaki," mupe akasema, akaondoka.

Mimi nimefundisha miaka mingi tangu hapo. Kila mgeni aliyeletwa kwangu nilimuuliza kwanza, kabla sijaeleza lolote, kwao wanafanya kazi gani na wanaifanyaje. Swali hilo nilijifunza kwa kijana yule penye bomba, na sijaacha kumshukuru.

Siku ile ya somo la pili, watoto walipotoka, mzee aliinuka, akakisogeza kiti chake mbele. "Ikala, mwalimu," akamwambia.

Mgeni wangu akakitazama kiti, akamtazama mzee aliyesimama, na magoti yakakunjika. Akachuchumaa.

Mzee alicheka sana, akamshika bega. "Basi, sasa unaweza kuchuchumaa," akasema. "Batoto bamekwisha kusikia."