Viazi Vilivyokwisha Kushiba

Opoka alipika katika kambi ya polisi ya Naguru kwa miaka ishirini na miwili, na siku aliyostaafu aliapa hatashika mwiko tena. Akapata kazi ya msaidizi wa maabara katika sekondari moja ya binafsi huko Kamwokya, kwa mwaka mmoja wa matazamio. Koti lake jeupe alilivaa hata siku zisizo na vipindi. Kilichobaki ni barua ya kumthibitisha kazini, na mkuu wa shule alisema ataitia saini baada ya mtihani wa vitendo wa baiolojia.

Mtihani ulihusu utando wa seli, ile ngozi nyembamba mno inayoizunguka kila seli ya kiazi, inayoyaachia maji yapite na kuibania chumvi. Kipande cha kiazi kikitiwa kwenye maji matupu, seli zake hunywa, nacho hurefuka na kukakamaa. Kikitiwa kwenye maji ya chumvi, seli hunyang'anywa maji yake, nacho hulegea. Maelekezo yalitaka viazi vikatwe asubuhi ileile. Opoka alivikata jioni iliyotangulia, akavitia kwenye beseni la maji visije vikawa vyeusi, kama afanyavyo mpishi yeyote wa Kampala mwenye heshima zake. Kufika asubuhi, vilikuwa vimekunywa vikashiba.

Watahiniwa sitini walivipunguza hadi sentimita tano, wakavitumbukiza, wakasubiri, wakapima. Hamsini na tisa waliandika kwamba kipande cha kwenye maji matupu kimerefuka. Nusura, binti mmoja wa Bwaise, aliandika kwamba hakijabadilika. Akapewa sufuri.

Opoka alikuwa akiosha vyombo vya maabara wakati Mwalimu Loice, Mkenya asiyecheka ovyo, alipoicheka karatasi hiyo.

"Madamu, huyo mtoto kasema kweli," Opoka alisema. "Viazi niliviloweka mimi, tangu jana."

Loice akaweka kalamu chini. "Na hawa hamsini na tisa, Afande, walipima nini?"

"Walipima daftari zao."

"Nikimpa alama zake, lazima niandike sababu, na karatasi inakwenda kwa mkuu. Barua yako iko mezani kwake. Unajua?"

"Najua."

"Mimi naweza kuwa sijasikia kitu."

Opoka alivua koti, akalikunja vizuri, kisha akalivaa tena, maana saa za kazi zilikuwa hazijaisha.

"Andika, Madamu."

Nusura alipata tisa kwa kumi. Moja ilikatwa kwa ajili ya mwandiko. Opoka aliongezewa mwaka mwingine wa matazamio, kwa kutofuata maelekezo. Alama za wale hamsini na tisa hazikuguswa. Wao, mkuu alieleza, walikuwa wamejibu kama mwongozo unavyotaka.