Ng'ombe wa Kubilisa Ndani ya Kompyuta

Nakumbuka Jumapili moja ya mvua, mwanangu Limi, Jumapili ambayo baba yako Shija alikaribia kutupotea kwa sababu ya mchezo. Nakuita mwanangu kwa haki kabisa, maana mtoto wa mdogo wangu ni wangu. Wewe mwenyewe huniita "baba mkubwa" ukitaka kitu, na "mzee" ukishakipata. Nimeshakujua.

Wiki iliyopita ulikuja na simu yako ukitaka nikuwekee ule mchezo wetu wa familia, tunaouita Kijiji. Ukaipekua programu yangu mstari kwa mstari, nami nilifurahi kuliko nilivyokuonyesha. Kisha ukauliza, "Baba mkubwa, hiki kipande cha mwisho ni cha nini? Michezo yote mtu akifika sifuri imekwisha. Huu wako akifika sifuri ndiyo kwanza unaanza kuuliza maswali." Nikakujibu nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote, nilikuwa namenya karanga. Ila swali lako lilikuwa zito, na mimi mambo mazito huyajibu kwa kuandika, kwa sababu mdomo wangu una pilipili, na utaona hapa chini pilipili hiyo ilinifikisha wapi.

Basi sikiliza. Wakati huo Bariadi haijawa mji wa mkoa, bodaboda hazijajaa stendi, na kompyuta mtaani kwetu ilikuwa moja tu, ya kwangu. Ilikuwa mtumba wa mtumba. Ilitupwa na ofisi fulani, ikaokotwa na fundi redio, ikanifikia mimi ikiwa na kioo kinene kama robota la pamba na feni inayokoroma. Mama yako mkubwa Holo alikuwa akiwaambia majirani kwamba nimeoa mke wa pili asiyejua kupika. Nilikuwa pia na kitabu kimoja cha Kiingereza, kisicho na jalada, kinachofundisha kutengeneza michezo ya kompyuta. Nilikisoma na kamusi pembeni, neno kwa neno, nimekaa juu ya ndoo. Usicheke. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kutoka kwenye kitabu kile ndipo nikaunda Kijiji. Unajua unavyochezwa. Jumapili baada ya ibada tunakaa sebuleni, na kila mtu anaacha kuwa yeye, anakuwa mtu wa kijiji cha kubuni mwenye ng'ombe wake. Anasema anataka kufanya nini, tena kwa sauti ya huyo mtu. Mimi ni msimulizi, nasema kilichotokea, na kompyuta inarusha dadu na kuamua kama mvua imenyesha au ndigana, ule ugonjwa wa kupe, imeingia zizini. Holo, mwimbaji wa kwaya, alichagua kuwa muuza pombe ya mtama. Maneno aliyokuwa akiwatolea walevi wake wa kubuni, mchungaji angeyasikia angeomba maji ya kunywa. Guku Masunga, babu yetu aliyekuwa akiishi nasi tangu baba yetu afariki, alikataa kabisa kugeuka. "Mimi Masunga hapa, na huko Masunga," alisema. "Nikigeuka mtu mwingine, ng'ombe wangu atawaangalia nani?"

Baba yako alikuwa Nkwabi. Nkwabi huyo alikuwa mchungaji wa ng'ombe, mcheza ngoma, mwenye majigambo hadi unachoka.

Sasa elewa jambo moja, maana bila hili hutanielewa. Mwaka huo Shija alikuwa amefeli kidato cha nne. Mimi ndiye niliyemsomesha baada ya baba kufariki, na matokeo yale yalinichoma. Sikumpiga wala sikumtukana. Nilifanya kibaya zaidi, nilinyamaza. Miezi ikapita naongea naye kwa amri tu: leta maji, funga mlango, kachunge. Naye akawa mtu wa kuinamisha kichwa. Ila Jumapili, akishakuwa Nkwabi, loo! Alicheka, alijisifu, alinitania mimi msimulizi, nami nikamjibu. Ilikuwa saa moja kwa wiki ambayo ndugu wawili tulikuwa tunaongea, na tulikuwa tunaongea kwa kujifanya watu wengine. Holo alikuwa ameliona hilo. Mimi nilikuwa natazama kioo.

Jumapili ile mvua ilikuwa inagonga bati hadi tunapaza sauti. Dadu ikaanza kumwandama Nkwabi. Ndigana ikaingia zizini kwake, ng'ombe wakaanguka. Akahama kwenda malisho mengine, wezi wakamkuta. Akabaki na ng'ombe mmoja mzee, naye akazama kwenye tope la mto. Kwenye kioo pakatokea maneno niliyoyaandika mimi mwenyewe na kujivunia: NKWABI AMETOKA. Jina lake likafutika. Kitabu ndivyo kilivyofundisha, kwamba asiye na kitu anatolewa ili mchezo usonge.

Shija akacheka kidogo, akidhani ni utani. "Kaka, sasa hakuna njia yoyote?"

Nami kwa pilipili yangu nikasema, "Ukimaliza umemaliza. Kama mtihani."

Mwanangu, neno likishatoka halirudi. Holo alishika mdomo. Shija aliinuka polepole, akasema "sawa, kaka," akaenda chumbani. Kutoka pale nilipokaa nilimwona akikunja nguo zake na kuzisukuma ndani ya mfuko wa sandarusi. Nikajua mara moja anakwenda wapi. Kulikuwa na lori la vijana linaondoka Jumatatu alfajiri kwenda machimbo ya dhahabu, na walikuwa wamemwita tangu matokeo yalipotoka. Kutoka mtaa wetu walikuwa wametangulia wawili. Mmoja hatukujua habari zake. Mwingine alirudishwa amefunikwa shuka. Baba yako akapita mbele yetu na mfuko wake, akaenda kukaa barazani kuitazama mvua. Nami, pumbavu mimi, nikasema, "Haya, zamu ya guku."

Guku alikuwa ameegemea fimbo yake, macho ameyafumba, nilidhani amesinzia. Akasema, "Nataka kwenda kwa Nkwabi."

"Guku, Nkwabi hayupo."

"Kafa?"

"Hajafa. Ameishiwa ng'ombe."

"Basi yupo. Mtu akiishiwa ng'ombe anakwenda wapi? Leo analala wapi?"

"Kompyuta imemfuta, guku."

Akafumbua macho, akaitazama ile mashine kama anavyotazamwa mgeni asiyesalimia. "Hii nayo kwao wapi gete, hasa hasa? Na aliyeandika hicho kitabu chako, ana ng'ombe?"

Nikasema sijui. Hapo ndipo aliponifunza, tena bila kupaza sauti, hadi nikawa nasogea ili nimsikie kwenye kelele za mvua. Aliniambia kwamba alipokuwa kijana kule Nkololo ugonjwa uliingia, akabaki na fimbo mkononi na zizi tupu. Watu wakaacha kupita njia ya kwake, maana mkono mtupu haulambwi. Asubuhi moja akasikia hodi. Alikuwa jirani yake, tena si ndugu, anaswaga ng'ombe jike mmoja. Akasema, nakubilisa huyu. Unajua kubilisa, Limi, au siku hizi mnajua vifurushi vya intaneti tu? Unampelekea mtu ng'ombe wako amtunze. Maziwa ni yake, samadi ni yake. Ng'ombe anabaki kuwa wako, ila zizi la mwenzako linakuwa zizi tena, na akikutunzia vizuri unampa ndama.

"Ng'ombe niliowatoa nikamwoa bibi yako," guku alisema, "walitoka tumboni mwa yule. Sasa niambie, Kulwa. Yule bwana angekuwa amesoma kitabu chako, wewe ungezaliwa wapi?"

Swali hilo ninalo hadi leo.

Akasimama, akaufuata mlango wa baraza kwa fimbo yake. Shija alikuwa amekaa chini, mfuko miguuni. Guku, ambaye alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, akasimama kama mtu aliyefika kwenye boma la watu, akasalimia kwa Kisukuma.

"Hodi kwa Nkwabi! Mwadila! Mhola hapa?"

Shija hakugeuka. "Nkwabi katoka, guku. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia ameishiwa. Ndiyo maana nimekuja. Nina ng'ombe jike hapa, ana mabaka, namwita Mabaka. Mkorofi kidogo, anapiga teke kushoto. Nakubilisa. Fungua zizi, mvua inamnyeshea."

Na mkono wa guku, mwanangu, ulikuwa umeshika kamba ambayo haikuwepo. Shija aliutazama mkono ule. Kisha akaichukua ile kamba isiyokuwepo kutoka mkononi mwa babu yake, akainamisha uso magotini, akalia. Holo naye akalia. Mimi nilikwenda kuitazama feni ya kompyuta, maana nilikuwa mwanamume wa kijinga wa siku zile.

Baadaye akaingia amefuta uso. "Msimulizi," akasema kwa sauti ya Nkwabi, ila imepungua majigambo, "andika. Nkwabi ana ng'ombe mmoja, si wake."

Nikajaribu kuandika. Mashine ikakataa. Jina halipo. Nikajaribu tena, jina halipo. Niliijenga mwenyewe nyumba isiyo na mlango wa kurudia. Ndipo nikasema neno langu la kwanza kwa mdogo wangu nje ya mchezo, katika miezi yote ile, ambalo halikuwa amri. Nilisema, "Njoo tuangalie wote."

Akavuta ndoo nyingine. Tulikaa na kile kitabu katikati, yeye akishika kamusi, hadi umeme ukakatika. Hatukufanikiwa. Tulikwenda kulala bila kusemeshana habari za lori, na mfuko ukabaki pale pale barazani.

Alfajiri honi ikalia kwenye kona. Nilisikia mlango wetu ukifunguliwa, nikasikia nyayo zikienda, sauti za vijana, kisha mlango wa lori ukabamizwa. Lori likaondoka. Nilibaki kitandani nimeganda. Holo akanishika bega, nami sikuweza hata kumgeukia. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Mara nikasikia feni inakoroma sebuleni.

Umeme ulikuwa umerudi, na nilimkuta Shija amekaa juu ya ndoo, kitabu magotini. Hakunitazama. Akasema, "Nimewaambia watangulie. Hiki kitu bado kinakataa."

Basi, kile kipande cha mwisho ulichoniuliza tulikiandika wawili, asubuhi ile na asubuhi zilizofuata. Mtu akifika sifuri, programu haimfuti. Inawauliza waliobaki, mmoja mmoja: "Nani anapiga hodi?" Na haiendelei hadi mmoja ajibu. Ndiyo maana Kijiji ni mchezo mrefu, ndiyo maana binamu zako wanaulalamikia kwamba hauna mshindi. Wacha walalamike.

Sitaki nikudanganye kwamba baba yako alirudia mtihani akawa bwana mkubwa. Hakurudia. Analima pamba kama unavyomjua, na anatengeneza simu za kata nzima huku akiwafokea kwa kuziangusha majini. Lakini yupo. Ulizaliwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sasa nasaha zangu, nizitaje waziwazi usije ukasema mzee alizungukazunguka. Soma vitabu, Limi, soma hadi macho yaume, lakini kumbuka kwamba aliyeviandika hakuijua nyumba yenu. Akili za kuambiwa changanya na zako, na zako changanya na za guku zako. Chezea mashine, zifungue, ziharibu, zitengeneze, ila ukiandika sheria yoyote, ya mchezo au ya nyumba yako siku ukiwa na nyumba, iulize kwanza, huyu aliyeishiwa analala wapi leo? Kama sheria haina jibu, haijaisha kuandikwa. Cheza na watu wako, maana kuna mambo mtu hawezi kukwambia akiwa yeye mpaka ajifanye mwingine. Na yule mnayeongea naye mchezoni tu, mwite chai.

Guku Masunga amelala Nkololo sasa, na jina lake kwenye Kijiji sijalifuta, wala sitalifuta. Yule Mabaka alibaki zizini kwa baba yako miaka yote hii. Jana nilimpigia simu nikamuuliza nimfanyeje. Akasema, "Mpe Limi. Hakuwahi kuwa wangu."

Nimeshakuwekea. Utakapoufungua mchezo utamkuta ng'ombe mmoja mwenye mabaka. Kumbuka si wako. Mkamue, mtunze, jihadhari na teke la kushoto, na siku ukimwona mwenzako amekaa barazani na mfuko wake, usingoje akuombe. Mswage Mabaka hadi mlangoni kwake, upige hodi.

Mungu akupe macho ya kusoma na mikono isiyoogopa kufungua vitu. Akupe zizi lenye maziwa na nyumba yenye kelele za Jumapili. Na siku utakayoishiwa, mwanangu, maana kila mtu huishiwa, akujalie usikie hodi.