Nilivyompunguzia Hajati Mastura Watu Wake

Usiku tatu mfululizo huko Kampala sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja: je, nimwambie Salongo, mwenye studio, kwamba nilipunguza sauti ya maiki ya watu, au ninyamaze nipate kazi? Likiandikwa hivi linaonekana swali la dakika moja. Mimi lilinichukua kuanzia Jumapili hadi Jumatano, na lilinipandisha basi na kunishusha.

Wengi hapa Bukoba mnajua kwamba nilikwenda Uganda kwa ajili ya kazi, na mmeniuliza ilikuwaje. Nitasimulia kwa mpangilio wa safari, kituo kwa kituo, maana nikianza na sababu zangu sitafika popote.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, basi liliondoka stendi ya Bukoba. Nilikuwa na shahada ya mawasiliano niliyoipata mwaka mmoja na nusu kabla, na nilikuwa sijapata kazi. Mama mdogo Jeni, anayeishi Nsambya, alinipigia simu kwamba mtu mmoja mwenye studio anatafuta msaidizi anayejua kurekodi sauti. Angenijaribu kwenye kazi moja: tamasha la Hajati Mastura, ambalo lingetolewa kama albamu. Hajati ana umri wa miaka sabini na kitu. Ni Mnubi wa Kampala, anaimba Kiswahili, Kiganda na Kinubi, na nyimbo zake nimezisikia redioni tangu sijajua kusoma. Nilikubali, kisha nikatumia siku mbili kufikiria kama ningekataa ingekuwaje.

Mutukula tulifika saa mbili. Afisa wa uhamiaji upande wa Uganda aliniuliza ninakwenda kufanya nini. Nilianza kumweleza tofauti kati ya ziara, mafunzo na kazi ya majaribio. Akanikatiza.

"Dada, unaenda kwa nani?"

"Kwa mama mdogo."

"Basi sema hivyo." Akagonga mhuri.

Saa nane mchana nilikuwa Kampala. Mama mdogo anakaa kwenye nyumba za reli, kwa sababu mumewe alifanya kazi huko hadi alipostaafu. Alinipa matoke na mchuzi wa karanga, akanitazama nikila. "Umekonda kwa kuwaza," alisema. "Kesho ukifika kwa Salongo, ukiulizwa kitu jibu. Usihutubie."

Jumamosi asubuhi nilikwenda Old Kampala, kwenye ukumbi wa shule moja iliyo mlimani, si mbali na msikiti mkubwa. Salongo nilimkuta amelala chali chini ya meza akiunganisha nyaya. Kwa Waganda, Salongo ni jina la heshima la baba wa mapacha. Jina lake lingine sikuwahi kulisikia. Ana studio kwenye ghorofa moja la Bugolobi na kazi zake nyingi ni matangazo ya redio. Mitambo yake mingine aliiweka kwenye chumba cha nyuma ya jukwaa, ambako angekaa na spika za masikioni bila kuuona ukumbi wala kuusikia ila kupitia maiki. Mimi aliniweka upande wa kushoto wa jukwaa, kwenye meza ndogo yenye kifundo kimoja cha kuzungusha sauti na taa moja.

"Hii ni maiki ya watu," alisema. Ilikuwa imening'inizwa juu ya viti vya mbele. "Kazi yako ni hii moja tu. Taa ikikuwa nyekundu, unapunguza kidogo. Ikirudi kijani, unarudisha pale kwa alama. Umeelewa, nyabo?" Nyabo kwa Kiganda ni bibie.

"Nimeelewa. Lakini kidogo ni kiasi gani?"

"Kidogo ni kidogo! Banange, huyu mtoto."

Hajati alifika saa tano na bendi yake. Ni mwanamke mfupi, mnene, anayetembea polepole kwa sababu ya goti. Alimwamkia kila mtu, hata fundi wa umeme aliyekuwa juu ya ngazi, ndipo akamgeukia mpiga gita.

"Musa, gita lako halijala leo? Mbona linalia hivyo?"

"Hajati, ni nyuzi mpya."

"Nyuzi mpya, mkono mzee. Piga tena."

Walifanya mazoezi hadi adhana ya adhuhuri, wakasimama wakaswali, wakaendelea. Nilipotambulishwa kwake aliniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Bukoba. "Bukoba niliimba nikiwa na meno yote," alisema, akapita.

Mazoezini niligundua jambo ambalo halimo kwenye rekodi zake za zamani. Katika wimbo wa nne, "Chumba Namba Tisa," mume anarudi kutoka jeshini baada ya miaka mingi na kubisha hodi. Ubeti wa tatu ni jibu la mke. Redioni anauimba Hajati mwenyewe. Jukwaani hauimbi. Anashusha maiki, anakaa kwenye kigoda chake, na ukumbi ndio unaomjibu mume. Musa aliniambia kwamba imekuwa hivyo tangu siku goti lilipoanza kumsumbua: alikaa apumzike, na watu wakaendelea bila yeye. Tangu siku hiyo aliwaachia.

Jumapili, saa tisa alasiri, tamasha lilianza. Hajati siku hizi haimbi usiku, na alishatangaza kwamba magharibi ikiingia anashuka. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi watu wamesimama ukutani. Walikuwepo wanawake wa umri wake waliovaa magauni marefu ya gomesi, vijana waliokuja na bibi zao na wengine waliokuja peke yao, na askari mlangoni mwenye bunduki begani.

Nyimbo tatu za kwanza taa yangu ilikuwa ya kijani. Ulipoanza wimbo wa nne, mama mmoja aliyekaa chini kabisa ya maiki alipiga vigelegele kama vya harusi mbili. Taa ikawa nyekundu. Nikapunguza kidogo. Akapiga tena, na jirani yake akamsaidia. Nikapunguza zaidi, hadi chini, na taa ikawa ya kijani.

Hapo nilitakiwa kurudisha. Nilianza kufikiria. Nikirudisha katikati ya wimbo, badiliko litasikika kwenye albamu, na Salongo atajua sijui kazi. Nikisubiri wimbo uishe, yatakuja makofi na taa itakuwa nyekundu tena. Nikirudisha polepole sana, labda. Lakini polepole ni kasi gani? Nilikuwa bado na kidole kwenye kifundo Hajati aliposhusha maiki yake na kukaa.

Ukumbi ulimjibu. Nimesikia kwaya kubwa na nimesikia mashabiki wa mpira, lakini hiki kilikuwa kitu tofauti, kwa sababu hawakuwa wakishangilia. Walikuwa wakimjibu mume yule, kila mmoja kwa hasira yake. Mama wa vigelegele alisimama na kunyoosha kidole. Askari alikuwa akiimba. Meza yangu ilitetemeka. Hajati alikaa kimya, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama mtu anayesikiliza habari kutoka nyumbani.

Sikurudisha. Sikurudisha wimbo wa tano wala wa sita, kwa sababu sasa badiliko lingekuwa kubwa zaidi. Magharibi ilipoingia na Hajati kushuka, kifundo kilikuwa palepale chini. Nikakirudisha kwenye alama wakati watu wanatoka.

Jumatatu, saa nne asubuhi, tulikuwa Bugolobi. Salongo alicheza rekodi kuanzia mwanzo. Nyimbo tatu za kwanza watu walikuwa wengi na wachangamfu. Wimbo wa nne, vigelegele vikaruka juu, halafu ukumbi ukapungua. Kwenye ubeti wa tatu zilisikika ngoma, gita la Musa, na kwa mbali sauti chache nyembamba, kama mabibi kumi wanaong'oa magugu upande wa pili wa bonde. Baadaye makofi yalikuwa ya manyunyu hadi mwisho.

Salongo alivua spika za masikioni. "Kumbe watu walichoka mapema hivi?"

Ilikuwa nafasi yangu. Nilikuwa na sentensi tayari, lakini ilikuwa na vipengele vingi, na nilipokuwa nikivipanga alisema, "Ni umri. Mwanzo wanachangamka kwa heshima, halafu wanaangalia saa. Tutawafuta hao watu wote, tuingize kwaya ya vijana." Akaandika kwenye daftari lake. Kisha akaniambia nimefanya kazi safi, hakuna mahali sauti imepasuka. "Nenda nyumbani ulete vyeti vyako. Tarehe moja unaanza."

Nilisema asante.

Jumanne mchana Hajati alikuja kusikiliza. Alipanda ngazi kwa kupumzika kila ghorofa. Aliwekewa kiti, akasikiliza hadi wimbo wa nne. Ubeti wa tatu ulipofika aliinamisha kichwa upande ule ule niliouona jukwaani, akangoja. Zile sauti chache zilipita. Akaomba arudishiwe. Zikapita tena.

"Mimi nilisikia watu wengi," alisema.

Musa aliyemsindikiza alisema, "Walikuwa wengi, Hajati! Nyumba ilitaka kuanguka."

"Wewe Musa unanipenda. Wote mnanipenda, na mtu anayekupenda atakudanganya hata kuhusu mchuzi wako." Aliielekezea mashine kidole. "Hii hainipendi. Hii inasema ukweli."

Salongo alimweleza habari ya kwaya ya vijana, kwa adabu. Hajati alimsikiliza hadi mwisho. Akasema watengeneze wanavyoona inafaa, na kwamba tamasha la Idi alilokuwa ameahidi kuliimba ataomba radhi, hataliimba. Alitamka kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayebadilisha siku ya kwenda hospitali. Aliponiaga aliniambia niwasalimie Bukoba.

Mama mdogo aliniuliza jioni kwa nini sijala. Nilimweleza yote. Aliendelea kukunja nguo.

"Kwa hiyo kazi umeipata."

"Nimeipata."

"Na yule bibi ameacha kuimba."

"Si mimi peke yangu, mama mdogo. Mtu anaweza kusema Salongo pia angetakiwa kukagua..."

"Koku, mwanangu. Mimi nimesema mambo mawili tu. Hayo mengine ni ya kwako."

Jumatano, saa moja asubuhi, nilipanda basi la Bukoba kwenda kuchukua vyeti. Nilipata kiti cha dirishani. Tulipotoka mjini nilikuwa nimeamua kwamba nitamwandikia Salongo barua nikiwa nyumbani, kwa utulivu. Tulipopita mstari wa ikweta, barua hiyo ilikuwa na kurasa tatu kichwani na neno maiki lilikuwa bado halijatokea. Nililitambua hilo, na halikunipendeza.

Lukaya basi husimama kwa dakika chache. Wauzaji waliovaa makoti yenye namba walikimbilia madirisha na mishikaki ya kuku na ndizi gonja za kuchoma. Abiria wenzangu walikuwa wakinyoosha mikono. Mimi nilikuwa ninafikiria Hajati alivyoomba arudishiwe. Hakuomba apewe sababu. Aliomba tu kusikia tena, kama labda mara ya pili watu wangekuwepo.

Nilichukua begi nikashuka.

"Nyabo, unaenda wapi?" kondakta aliuliza. "Tikiti yako ni ya Bukoba."

"Ninarudi Kampala."

"Umesahau kitu?"

Nilikaribia kumweleza. "Ndiyo," nikasema, na yeye akafunga mlango.

Nilipata gari lililokuwa likirudi mjini. Saa tisa nilikuwa Old Kampala, nikiulizia nyumba ya Hajati madukani. Kila niliyemuuliza alinionyesha bila kuuliza Hajati yupi. Nilimkuta barazani akichambua mchele kwenye ungo, mguu wa goti bovu ameunyoosha juu ya stuli.

"Binti wa Bukoba. Basi limekutupa?"

"Nimeshuka. Shikamoo, Hajati."

"Marahaba. Kaa."

Sikukaa. Nilimwambia kwamba maiki ya watu ilikuwa mikononi mwangu, kwamba niliipunguza kwenye wimbo wa nne kwa sababu ya vigelegele, kwamba niliogopa kuirudisha na nikaiacha chini hadi magharibi. Nilimwambia kwamba mashine haikusikia watu kwa sababu mimi niliizuia.

Mikono yake ilisimama juu ya mchele.

"Kwa hiyo waliimba."

"Waliimba."

"Wangapi?"

"Wote. Na askari wa mlangoni."

"Yule mwenye bunduki?"

"Yeye aliimba kuliko wote. Macho ameyafumba."

Alicheka, kisha akaacha kucheka, akanitazama kwa muda mrefu, na kutazamwa kule sikukupenda. "Toka jana siku yangu haiishi," alisema. "Nimekaa hapa ninajiuliza miaka mingapi nimekuwa ninasikia watu wasiokuwepo. Umenifanyia vibaya, binti."

"Nimekosa, Hajati."

"Umekosa." Akaweka ungo chini. "Hao watu wako wapi sasa? Wamepotea kabisa?"

Nilimwambia hawajapotea, wamo kwenye rekodi, lakini chini sana, na Salongo akiwapandisha watakuja na ngurumo ya feni za ukumbi na mluzi wa nyaya. Haitakuwa safi.

"Awapandishe. Ikinguruma, ingurume. Sitaki kwaya ya mtu." Alichukua simu yake, akaisogeza mbali na macho, akatafuta jina, akabonyeza, kisha badala ya kuiweka sikioni akaninyooshea mimi. "Sema naye wewe. Mimi nina mchele."

Simu iliita mara tatu. Nilijua kwamba nikimaliza kusema, tarehe moja haitakuwepo.

"Hajati wangu!" alisema Salongo.

"Salongo, ni Koku. Watu hawakuchoka. Niliwapunguza mimi, wimbo wa nne, na sikuwarudisha mpaka mwisho."

Nikanyamaza, nikamwachia yeye aseme.